Ziwa Lipo, Kibali Ndicho Adimu

Majira ya joto yakiingia Ulaya, kuna watu wazima wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba wanaolipa pesa nzuri ili waogelee kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hukusanyika Ugiriki au Kroatia, wakagawanywa makundi kulingana na kasi, kila kundi likavaa kofia za rangi yake ili lionekane kwa mbali, kisha wakaingia majini asubuhi na boti pembeni yao. Jioni hulala hotelini, na kesho yake huelekea kisiwa kingine. Aliyeugeuza mchezo huu kuwa biashara ni Simon Murie, Mwaustralia aliyekuwa akiishi London, ambaye mwaka 2003 alianzisha kampuni ya SwimTrek. Kabla ya hapo alikuwa ameogelea kuvuka Hellespont, mlango-bahari wa Uturuki uliovukwa na mshairi Byron mwaka 1810, na katika maandalizi aligundua kwamba kuogelea kwenyewe kulikuwa sehemu nyepesi. Kilichomhangaisha ni kutafuta boti, kuomba ruhusa na kumpata mtu wa kumsindikiza. Tangu hapo hicho ndicho kinachouzwa. Mteja anakuja na mikono na mapafu yake. Kampuni inampa usindikizaji na vibali.

Nimeanzia mbali kwa sababu Malawi inayo maji yanayofaa mchezo huu kuliko nchi nyingi, na inayo pia sehemu moja ambamo watu wanaoyajua maji hawaruhusiwi kuyafikia. Ziwa lenyewe, Nyasa kwa Watanzania na Malawi kwa wenyeji wa Lilongwe, lina urefu wa kilomita zipatazo 580 na kina kinachofika mita 700. Maji yake ni baridi kiasi tu, hayana chumvi, hayana papa, hayana kupwa na kujaa. Kusini mwake, mbele ya kijiji cha Chembe pale Cape Maclear, vimepangana visiwa kana kwamba vilipimwa kwa ajili ya waogeleaji: Thumbi Magharibi kilicho jirani kabisa na ufuko, Domwe mbele kidogo, kisha Mumbo, ambako waongoza watalii tayari hupeleka wageni kwa kayaki. Eneo hilo limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1980 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1984, kwa heshima ya samaki wake wa rangi rangi. Mwaka 1992 Lewis Pugh na Otto Thaning walikuwa wa kwanza kuogelea kulivuka ziwa, kilomita kama 25 kutoka rasi ya Ngombo hadi Senga Bay. Mwaka 2019 Martin Hobbs wa Afrika Kusini akaogelea urefu wake wote, kwa siku zaidi ya 50. Kutoka Lilongwe hadi Senga Bay, wilayani Salima, ni kilomita zipatazo 120 za lami. Mtu anaondoka baada ya chai, anakula samaki aina ya chambo mchana ufukoni.

Kilomita 45 hivi kaskazini mwa Lilongwe, wilayani Dowa, ipo Dzaleka. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la kuwafungia wapinzani wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa ipokee watu kati ya 10,000 na 12,000, leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na lugha inayowaunganisha sokoni, makanisani na redioni ni Kiswahili. Wako miongoni mwao waliozaliwa Uvira, Baraka, Bukavu na Bujumbura, mahali ambapo ziwa ni barabara, ni jiko na ni uwanja wa watoto. Wapo waliovuka Tanganyika kwa boti usiku wakaingia Kigoma, wakashuka Tanzania hadi mpaka wa Songwe, wakapita Karonga kwa barabara inayofuata ufuko kabla haijapanda milima kuelekea Mzuzu. Waliliona ziwa dirishani. Kisha wakapelekwa bara, na huko wakatakiwa kukaa. Hoja yangu ni kwamba kuogelea kwa makundi kati ya visiwa, kwa jinsi kunavyoendeshwa, ni mfumo wa uokoaji uliovikwa nguo za starehe, na hakuna sababu ya msingi ya kuwanyima watu wa Dzaleka mfumo huo. Kinachowazuia kwanza ni karatasi ya kutoka kambini.

Pingamizi jepesi tuliondoe mapema: kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu utamaduni wa maji wa watu wa Afrika, amekusanya maandishi ya wasafiri wa karne nyingi wakishangaa jinsi watu wa pwani za Afrika walivyoogelea kwa kurusha mkono mmoja baada ya mwingine, wakati Wazungu wengi ama hawakujua kuogelea ama walijisukuma kama chura. Mtindo unaotumiwa leo na kila anayelipia likizo ya Ugiriki ulifika Uingereza ukiwa kitu cha ajabu: mwaka 1844 Waojibwe wawili kutoka Amerika walishindana London kwa mikono ya kupokezana, na watazamaji wakaona kelele zile za maji si za kistaarabu. Ziwa hili nalo lina historia yake na Waswahili. Jumbe wa Nkhotakota, ambaye ukoo wake ulitawala hapo tangu kama 1840, alikuwa na majahazi yaliyovusha pembe na watumwa kwenda ng'ambo ya mashariki, njia ya Kilwa. Historia hiyo haina la kujivunia. Inaonyesha tu kwamba Kiswahili si mgeni juu ya maji haya.

Pingamizi la pili ni zito, nalo ni hatari. Mamba wapo, viboko wapo, na Mrundi yeyote atakukumbusha Gustave, mamba wa Ruzizi aliyeogopwa hadi akaingia kwenye filamu. Ila mamba na kiboko wana makazi yanayojulikana: midomo ya mito, mafunjo, vinamasi. Hawana kazi nyingi kwenye maji meupe ya miamba ya Mumbo. Upepo ni adui mkubwa zaidi. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera huvuma kutoka kusini-mashariki na kuinua mawimbi ambayo mtu wa nchi kavu hayategemei ziwani. Meli ya Vipya, mpya kabisa, ilipinduka mwishoni mwa Julai 1946 ikafa na watu 145. Askofu Chauncy Maples wa Likoma alizama Septemba 1895 mashua yake ilipopinduka kwa dhoruba, akiwa na kanzu nzito ya kazi yake. Wavuvi wa hapa huyasoma hayo kwa kuangalia rangi ya maji na mwenendo wa mawingu, na ndiyo maana msindikizaji bora wa waogeleaji ni mvuvi mwenyeji kuliko kocha wa kigeni mwenye saa ya bei mbaya.

Kichocho ni habari nyingine, na hapo inafaa kukaa kidogo. Kwa miaka mingi vitabu vya utalii viliandika kwamba ufuko wa ziwa hili hauna kichocho. Kisha mwaka 1992 wafanyakazi wawili wa kujitolea wa Marekani wakapata madhara ya neva kutokana na vimelea vya ugonjwa huo, uchunguzi ukafanywa miongoni mwa wageni wakaazi wa Malawi, na ripoti iliyochapishwa 1996 katika jarida la Lancet ikaonyesha kwamba karibu theluthi yao walikuwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Watafiti wa samaki wakaeleza chanzo kimojawapo: katikati ya miaka ya 1980 nyavu za kukokota zilipunguza samaki wanaokula konokono karibu na Cape Maclear, konokono wakaongezeka, na fuko za wazi zilizokuwa salama zikageuka za kuambukiza. Sasa angalia nani yuko hatarini zaidi. Vimelea hutoka kwa konokono waliopo maji ya kina kifupi, hasa jua likiwa kali. Mgeni anayeshushwa na boti kwenye kina kirefu, akatoka upande wa pili akajifuta na taulo, kisha akameza praziquantel, dawa ya kichocho, baada ya wiki kadhaa kwa ushauri wa daktari, amejikinga kuliko mama wa Chembe anayeosha vyombo na kufua ufukoni kila siku akiwa maji magotini. Kwa hiyo anayesema ziwa ni la hatari kwa mkimbizi lakini ni zuri kwa mtalii hazungumzii maji. Anazungumzia dawa, boti na taarifa, vitu ambavyo mmoja amepewa na mwingine hajapewa.

Wako watakaosema, na wana haki, kwamba Dzaleka mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, madarasa yamefurika, visima vina foleni. Nani anazungumzia kuogelea pale? Ningekubaliana nao kama kuogelea kungekuwa starehe tupu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2024 zinahesabu vifo 300,000 vya kuzama kwa mwaka 2021, zaidi ya tisa kati ya kila kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo Ulaya kimeshuka kwa asilimia 68. Katika kanda ya Afrika kimeshuka kwa asilimia 3, nayo ndiyo kanda yenye kiwango cha juu kuliko zote. Sisi wa maziwa makuu hatuhitaji Geneva ituambie. MV Bukoba, Mei 1996. MV Nyerere, Septemba 2018, watu 228 wakafa karibu kabisa na gati la Ukara. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ziwani Kivu wakati bandari ya Kituku, Goma, ikiwa mbele ya macho ya abiria na ya waliokuja kuwapokea. Walio Dzaleka ni ndugu wa abiria hao, na siku wakirudi kwao, kama wengi wanavyotumaini, watapanda boti zilezile.

Bila shaka meli inapopinduka na kufunika watu, kujua kuogelea hakumwokoi aliyenaswa ndani. Msongamano na ukosefu wa majaketi ya kujiokolea huua hata waogeleaji hodari, na sheria ya uzito wa abiria ingeokoa wengi kuliko kocha yeyote. Hata hivyo watoto wengi hawafi ndani ya meli. Hufia kisimani, mtoni, kwenye shimo la mchanga lililojaa mvua, mita chache kutoka nyumbani. Huko ndiko mafunzo yamepimwa. Bangladesh, mpango wa SwimSafe uliwafundisha watoto kuelea, kuogelea umbali wa mita 25 na kumvuta mwenzao kwa fimbo au kamba bila kumrukia, na ufuatiliaji ukaonyesha vifo vya kuzama miongoni mwa waliofundishwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Zanzibar, kijijini Nungwi, mradi wa Panje umetumia mbinu hizo baharini, tena kwa wasichana wa Kiislamu wanaoingia majini na mavazi yanayowasitiri toka kichwani hadi miguuni, wakitumia madumu matupu ya plastiki kama maboya. Wazee wa Nungwi walikuwa na mashaka, na mashaka hayo yalijibiwa kwa kushona nguo zinazofaa na kuwaweka walimu wanawake. Dzaleka ina Wasomali, ina Wapentekoste wenye misimamo yao ya mavazi, na ina mafundi cherehani wa kutosha kushonea wilaya nzima.

Upo mfano mwingine ambao watu wa likizo za Ugiriki hawaupendi sana. Maji yaleyale ya Aegea yanayouzwa kwa starehe ndiyo aliyoyaogelea Yusra Mardini, binti wa Damascus, mwezi Agosti 2015, injini ya mashua ya mpira iliyojaza watu kupita kiasi ilipozimika katikati ya Uturuki na Lesbos. Yeye, dada yake Sarah na wenzao wachache walishuka majini na kuielekeza mashua kwa zaidi ya saa tatu mpaka nchi kavu. Alikuwa na ujuzi huo kwa sababu alikuwa amefunzwa bwawani tangu utotoni na baba yake, kocha, katika nchi iliyokuwa na mabwawa. Mwaka uliofuata alikuwa Rio, katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, timu ya wanamichezo kumi iliyokuwa pia na Wakongo wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Dunia ilimpigia makofi, na nadhani ilimpigia kwa sababu nusu tu ya ile inayofaa. Ilimsifu ushujaa, ikasahau bwawa la Damascus.

Tuje kwenye pingamizi ambalo serikali ya Malawi yenyewe ingelileta. Malawi ilijiunga na mkataba wa wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 huku ikiweka mipaka kadhaa, mmojawapo ukiipa haki ya kuamua mkimbizi akae wapi. Sheria yake ya wakimbizi ni ya 1989. Anayetaka kutoka Dzaleka anahitaji kibali. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini ifikapo katikati ya Aprili, na Mei mamia wakakamatwa Lilongwe, watoto wakiwamo. Hoja iliyotolewa ilikuwa usalama wa taifa na malalamiko ya wafanyabiashara wenyeji. Ukiwa ofisini Capital Hill, makao ya serikali jijini Lilongwe, unaweza kuuliza: kama nawazuia kuuza sabuni mtaa wa Area 23, niwaruhusu vipi kwenda kuogelea Senga Bay? Jibu ni kwamba mambo haya mawili hayafanani. Mwenye duka mjini anatafuta makazi na soko, na anaonekana kushindana na mwenyeji. Kundi linalokwenda ziwani kwa siku tatu lina orodha ya majina, basi moja, mahali pamoja pa kulala na siku ya kurudi. Halimnyang'anyi mtu soko. Linakodi boti ya mvuvi wa Salima na kununua samaki wake. Na wazo kwamba watu watatoroka wakielekea ufukoni linapuuza jinsi watu wanavyoishi. Anayetaka kutoroka Dzaleka hatafuti kwanza miwani ya kuogelea.

Tena Malawi imekwisha kuruhusu mwendo huo kwa upande mmoja. Tangu 2014 kambi ina Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki Mkongo anayejulikana kama Menes la Plume. Maelfu hutoka Lilongwe na kwingineko kuja kusikiliza muziki Dzaleka, na baadhi yao hulala kambini, katika nyumba za wakimbizi wanaowapokea kama wageni na kuwapikia. Polisi wapo, vyombo vya habari vipo, maofisa hupanda jukwaani, na hakuna aliyesema usalama wa taifa umetikisika. Mgeni kutoka mjini analala kwa mama aliyetoka Fizi, Kongo, bila tatizo. Mama huyohuyo akitaka kulala usiku mbili Salima, anaandika barua na kusubiri. Kama nchi inaweza kusimamia umati kuingia kambini, naona ugumu kuamini kwamba haiwezi kusimamia basi moja kutoka.

Mpango wenyewe haulazimu kuanzia ziwani. Kwa michezo ya vijana ya Kanda ya 5 ya Afrika (nchi za kusini) iliyofanyika Lilongwe Desemba 2022, serikali ilijenga bwawa la mashindano katika Taasisi ya Michezo ya Kamuzu. Malawi imekuwa ikipeleka waogeleaji Olimpiki kwa muda, akiwamo Joyce Tafatatha aliyeshindana London mwaka 2012 akiwa na miaka 14, na wengi wao wametokea mabwawa ya shule za ada kubwa na klabu. Bwawa la umma linahitaji watu wa kulijaza siku za kazi asubuhi, na chini ya saa moja kwa basi wapo vijana wengi wasio na la kufanya asubuhi. Shule za Dzaleka husomwa na watoto wa vijiji vya Dowa pamoja na wa kambini, kwa hiyo darasa likienda bwawani linakwenda mchanganyiko, na lile lalamiko la kwamba mkimbizi hupendelewa linakosa pa kushika. Anayemaliza mita zake bwawani ndiye anayestahili kwenda ziwani Septemba, mwera ukishatulia na mvua hazijaanza, kwanza kandokando ya ufuko na boti ya mvuvi pembeni, baadaye kisiwani. Kundi la kwanza nisingelifanya la watoto. Ningechukua watu wazima wasiozidi ishirini, wanawake kwa wanaume, nusu wa kambini na nusu wa vijiji vya Salima, wafundishwe kufundisha na kuokoa, kwa sababu kambi haina upungufu wa watoto wa kujaza darasa, ina upungufu wa walimu wa kuingia nao majini.

Boti mbili, mafuta, majaketi, vidonge vya kichocho na mlo wa siku tatu ni gharama ambayo shirika lolote la kati linaweza kuibeba bila kutetemeka. Sahihi chini ya kibali inatoka Idara ya Wakimbizi, katika Wizara ya Usalama wa Ndani, na hiyo haitolewi na mfadhili yeyote.